Kesi za Uchaguzi na Uteuzi wa Majaji Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Kenya chini ya Katiba ya 2010. Tumeweka kesi za uchaguzi na uteuzi wa majaji mahali pamoja kwa sababu wanasiasa wenyewe huyapigania yote mawili kwa pamoja. Anayejua kwamba ushindi wake unaweza kuishia mikononi mwa majaji saba wa Mahakama ya Juu hawezi kukosa kujali hao saba ni akina nani.

Ni nani anayeweza kupinga matokeo ya urais, na anaenda wapi?

Mtu yeyote. Ibara ya 140 inamtaja mtu, haimtaji mgombea wala chama. Ndiyo maana mwaka 2022 baadhi ya kesi zilifunguliwa na wananchi na wanaharakati ambao hawakugombea kiti chochote. Kesi ya urais huanzia Mahakama ya Juu na kumalizikia hapo hapo, rufaa haipo.

Siku zinahesabiwaje?

Baada ya mshindi kutangazwa, una siku 7 za kufungua kesi. Baada ya kesi kufunguliwa, mahakama ina siku 14 za kuisikiliza na kutoa uamuzi. Uchaguzi ukibatilishwa, marudio lazima yafanyike ndani ya siku 60. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Hesabu inaanza kesho yake.

Angalia ilivyokuwa 2022. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti, mwisho wa kufungua kesi ukawa 22 Agosti, uamuzi ukatolewa 5 Septemba. Mwaka 2017 ilikuwa 11 Agosti, 18 Agosti, 1 Septemba. Mwaka 2013 ilikuwa 9 Machi, 16 Machi, 30 Machi. Mara zote tatu siku zilitumika hadi ya mwisho kabisa.

Hata kuapishwa kuna hesabu yake. Mahakama ikithibitisha ushindi, rais huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi. Uamuzi wa Jumatatu 5 Septemba 2022 ulileta kiapo cha Jumanne 13 Septemba. Kama hakuna kesi, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa.

Siku 14 zinatosha kweli?

Kwa maoni yetu hazitoshi, na anayeumia zaidi ni mlalamishi. Ndani ya siku hizo lazima wajibu, yaani wanaolalamikiwa, wapewe hati na kujibu, kikao cha matayarisho kifanyike, mawakili wawasilishe hoja, na majaji waandike uamuzi. Mwaka 2022 kikao cha matayarisho kilifanyika 30 Agosti na hoja zikamalizika 2 Septemba. Majaji walibaki na wikendi moja.

Ubana huo ndio huwaponza wengi. Mwaka 2013 upande wa Raila Odinga ulileta hati ya kiapo ya ziada yenye mamia ya kurasa baada ya kesi kufunguliwa. Mahakama iliikataa kwa sababu ilichelewa, na wajibu wasingepata nafasi ya kuijibu. Ushahidi uliokuwemo haukusikilizwa kabisa. Funzo la kiutendaji ni moja: ushahidi wako wote uwe ndani ya kesi siku unayoifungua. Chama kinachoanza kutafuta fomu zake baada ya matokeo kutangazwa kimeshachelewa.

Fomu 34A, 34B na 34C ni nini, na kwa nini kila mtu anazitaja?

Kwa sababu kesi nzima husimama juu ya fomu hizo.

Fomu 34A hujazwa kituoni. Ina jina na namba ya kituo, idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, jina na saini ya afisa msimamizi wa kituo, na saini za mawakala wa vyama. Sheria inaweka kikomo cha wapigakura 700 kwa kituo kimoja, kwa hiyo tarakimu zake ni ndogo na rahisi kukagua. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, kila kimoja na 34A yake. Nakala moja hubandikwa mlangoni, mawakala hupewa zao, na picha yake hutumwa kwa kifaa cha KIEMS, mfumo wa kielektroniki wa uchaguzi. Fomu 34B hujumlisha 34A zote za eneobunge. Maeneobunge ni 290, na kura za Wakenya walio ng'ambo zina 34B yao, jumla 291. Fomu 34C hujumlisha 34B zote na hutolewa katika kituo cha kitaifa, ambacho kimekuwa ukumbi wa Bomas, Nairobi.

Fomu ipi inashinda zikigongana? Hili liliamuliwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 23 Juni 2017 katika kesi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, dhidi ya Maina Kiai na wenzake. Matokeo yanayotangazwa eneobunge ni ya mwisho, na mwenyekiti wa tume hana mamlaka ya kuyabadilisha akiwa Nairobi. Kabla ya uamuzi huo tume ilikuwa ikiyaita matokeo ya eneobunge kuwa ya muda tu. Tunauona kuwa uamuzi muhimu kuliko yote katika sheria ya uchaguzi ya Kenya, ingawa hautajwi sana kama hukumu za urais.

Wakala wangu alikataa kusaini 34A. Je, fomu hiyo ni batili?

Hapana. Kanuni za uchaguzi zinasema kukosekana kwa wakala, au kukataa kwake kusaini, peke yake hakubatilishi matokeo. Akikataa, sababu zake ziandikwe kwenye fomu. Wakala anayeondoka kimya kimya bila kuandika chochote wala kuchukua nakala amekiacha chama chake bila ushahidi.

Ni nini hasa kilichobatilisha uchaguzi wa 2017?

Wengi hudhani mahakama ilisema Raila Odinga alishinda, au kwamba kura ziliibwa. Haikusema hivyo. Uhuru Kenyatta alitangazwa na kura 8,203,290 dhidi ya 6,762,224 za Raila, na majaji hawakuhesabu upya kura hizo. Walichoangalia ni njia iliyotumika kufikia tarakimu hizo.

Mambo mawili ndiyo yaliyoiangusha tume. La kwanza, ilitangaza mshindi kabla ya kupokea 34A zote. Sheria ilitaka tarakimu zitumwe pamoja na picha ya fomu, lakini kwa maelfu ya vituo zilitumwa tarakimu bila fomu. Tume ilijitetea kuwa vituo hivyo havikuwa na mtandao. Majaji walikataa utetezi huo, kwani vituo visivyo na mtandao vilijulikana mapema na tume ilikuwa na muda wa kupanga.

La pili, mahakama iliamuru tume ifungue seva zake zikaguliwe, kwa kusoma tu bila kubadilisha kitu. Tume haikutii kikamilifu. Majaji walio wengi walisema amri ya mahakama ikitolewa kisha tume ikakataa, wana haki ya kuamini kile mlalamishi alichodai kuhusu seva hizo. Ukaguzi wa msajili wa mahakama nao ulikuta Fomu 34C yenyewe haina alama za usalama, 34B kadhaa hazina namba za mfululizo, na nyingine hazina saini ya msimamizi wa uchaguzi.

Uamuzi ulikuwa 4 kwa 2. Jaji Mkuu David Maraga, naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola walibatilisha. Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga. Mohammed Ibrahim alikuwa mgonjwa. Marudio yalifanyika 26 Oktoba, Raila akajiondoa, na kesi za kupinga marudio hayo zikatupwa 20 Novemba.

Mbona 2022 kesi zilishindwa, na tofauti ya kura ilikuwa ndogo zaidi?

William Ruto alipata 7,176,141 (asilimia 50.49) na Raila 6,942,930 (asilimia 48.85). Tofauti ni kura 233,211, na makamishna wanne kati ya saba wa IEBC walijitokeza kuyakana matokeo. Ilionekana kesi nzito.

Lakini safari hii picha za 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, na kila mwenye simu aliweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Madai makubwa ya walalamishi yalikuwa kwamba fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa kabla ya kufika kwenye tovuti. Dai hilo lina kipimo chake: chukua 34A ya asili, nakala iliyo mikononi mwa wakala, na picha ya kwenye tovuti, uzilinganishe. Mahakama iliamuru masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na fomu zilinganishwe. Hazikutofautiana. Baadhi ya nyaraka za kompyuta zilizowasilishwa kuonyesha udukuzi zilikutwa si za kweli. Kuhusu makamishna wanne, majaji waliona hawakuleta waraka wowote unaoonyesha kura zilizobadilishwa. Uamuzi ulikuwa wa majaji wote saba kwa kauli moja, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome.

Ukilinganisha 2017 na 2022 utaona kilichobadilika: fomu zilikuwepo, na watu waliziona.

Kasoro ikithibitishwa, uchaguzi unafutwa?

Si lazima. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinalinda uchaguzi wenye kasoro ndogo. Mwaka 2017 walio wengi walikisoma hivi: uchaguzi unaweza kufutwa kwa sababu moja kati ya mbili, ama ulikiuka kwa kiasi kikubwa misingi ya Katiba, ama kasoro ziliathiri matokeo. Mlalamishi halazimiki kuthibitisha zote mbili. Misingi yenyewe iko Ibara za 81 na 86: uchaguzi uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wa uwajibikaji na wa uwazi.

Walioshindwa kesi hiyo ndio waliokuwa na wingi Bungeni. Oktoba 2017, kabla ya marudio, Bunge lilipitisha marekebisho ya kuziunganisha sababu hizo mbili, ili mlalamishi azithibitishe zote. Aprili 2018 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliyafuta sehemu kubwa ya marekebisho hayo kwa kukiuka Katiba. Tunalisema bila kusita: kubadilisha kipimo cha kesi katikati ya uchaguzi uleule ni kosa, awe nani anayenufaika.

Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlalamishi. Kipimo ni cha juu kuliko kesi ya madai ya kawaida, ila hakifiki kile cha jinai. Ukidai kosa la jinai ndani ya kesi ya uchaguzi, kwa mfano hongo, basi dai hilo lithibitishwe bila shaka yoyote.

Asilimia 50 na kura moja: asilimia 50 ya nini?

Ya kura halali. Mwaka 2013 tume ilijumlisha na kura zilizokataliwa, na Uhuru akatangazwa na asilimia 50.07. Mahakama ya Juu ikaamua kura zilizokataliwa hazihesabiwi, na 2022 ikashikilia msimamo huo. Sharti la pili husahaulika: mshindi apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Akikosa sharti lolote kati ya hayo, wawili wa kwanza wanarudi uwanjani.

Na kesi za wabunge, magavana na wawakilishi wadi?

Hapa siku ni 28 za kufungua na miezi sita ya kuamua. Mbunge, seneta, mwakilishi wa kike na gavana hupingwa Mahakama Kuu. Mwakilishi wadi hupingwa mbele ya hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Dhamana ya gharama ni shilingi 500,000 kwa mbunge au gavana na 100,000 kwa mwakilishi wadi. Ya urais ni milioni 1. Katika hizi za siku 28 dhamana iwekwe ndani ya siku 10 tangu kufungua kesi, la sivyo mpinzani wako ataomba itupwe, na atakuwa na haki. Rufaa ina siku 30.

Mtego mkubwa ni pale siku 28 zinapoanzia. Sheria ilikuwa ikisema zinaanza matokeo yanapochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Suleiman Shahbal alifuata hesabu hiyo kumpinga Gavana Hassan Joho wa Mombasa baada ya uchaguzi wa 2013. Februari 2014 Mahakama ya Juu ilisema hesabu hiyo inakiuka Katiba: siku zinaanza msimamizi wa uchaguzi anapotangaza matokeo na kutoa cheti. Kesi ikafa, na kesi nyingine zilizohesabiwa hivyo zikafuata njia hiyo. Hesabu tangu siku ya cheti, na usingoje siku ya 28.

Ni nani anayeteua majaji?

Rais ndiye anayetia saini, lakini anayechagua ni Tume ya Huduma za Mahakama, JSC. Ina wanachama 11: Jaji Mkuu ambaye ni mwenyekiti, majaji watatu na hakimu mmoja waliochaguliwa na wenzao, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili waliochaguliwa na wanachama wa chama cha mawakili, LSK, mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawili wa kuwakilisha umma ambao Rais huwateua kwa idhini ya Bunge la Kitaifa.

Nafasi hutangazwa, watu hutuma maombi, majina ya waliopita mchujo wa kwanza huchapishwa na umma hualikwa kuwasilisha taarifa kuwahusu. Mahojiano hufanyika hadharani na huonyeshwa kwenye runinga. Kisha JSC hupeleka jina kwa Rais. Jaji Mkuu na naibu wake peke yao ndio hupitia Bunge la Kitaifa. Majaji wengine hawapitii. Mahakama ya Juu hudai uzoefu wa miaka 15, Mahakama ya Rufaa na Mahakama Kuu miaka 10. Jaji hustaafu akiwa na miaka 70, na Jaji Mkuu hakai zaidi ya miaka 10.

Ukiwa na malalamiko dhidi ya mwombaji, wakati wake ni baada ya majina kuchapishwa na kabla ya mahojiano. Andika kwa kiapo, ambatisha ushahidi. Barua za matusi hazifiki popote.

Rais anaweza kukataa jina?

Katiba haimpi nafasi hiyo. Mwaka 2019 JSC ilimpelekea Rais Kenyatta majina 41. Alikataa, akitaja taarifa za kijasusi dhidi ya baadhi yao. Februari 2020 Mahakama Kuu ilisema kazi yake ni kuteua waliopendekezwa. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita. Mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki. Kati ya sita hao walikuwemo George Odunga na Joel Ngugi, ambao wiki chache kabla walikuwa miongoni mwa majaji watano walioizima BBI, mpango wa Rais wa kubadilisha Katiba.

Waliokataliwa hawakuwahi kuonyeshwa hadharani taarifa hizo wala kupewa nafasi ya kuzijibu. Mwenye ushahidi dhidi ya jaji ana njia ya kuupeleka JSC. Hao sita walionewa. Waliteuliwa siku Rais Ruto alipoapishwa, 13 Septemba 2022. Na hilo lina kasoro yake: haki waliyostahili tangu 2019 ilikuja ikiwa na sura ya zawadi ya rais mpya.

Kumewahi kuwa na jaribio la kubadilisha utaratibu wenyewe?

Ndiyo, mawili ya wazi. Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alimteua Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu bila kupitia JSC. Waziri Mkuu Raila Odinga alipinga, Mahakama Kuu ikasema utaratibu ulikiuka Katiba, na Februari Kibaki akaondoa jina hilo. JSC ikafanya mahojiano ya hadharani, na hivyo ndivyo Willy Mutunga alivyopata kazi.

La pili ni la Desemba 2015, Mutunga alipokuwa akikaribia kustaafu. Bunge lilibadilisha sheria ili JSC ipeleke majina matatu na Rais achague moja. Mei 2016 majaji watano wa Mahakama Kuu waliifuta. Mabadiliko yalionekana madogo, lakini yangehamisha uamuzi wote kutoka tume hadi Ikulu.

Je, majaji humfuata rais aliyewateua?

Rekodi haionyeshi hivyo. Maraga, Mwilu na Lenaola waliingia Mahakama ya Juu mwaka 2016 chini ya Uhuru, na wote watatu walibatilisha ushindi wake. Waliopinga uamuzi huo waliteuliwa enzi za Kibaki. Koome na William Ouko waliteuliwa na Uhuru 2021. Mwaka uliofuata Uhuru alimuunga mkono Raila, nao wakaitupa kesi ya Raila.

Majaji wasipofika mahakamani?

Mahakama ya Juu haiwezi kukaa na majaji chini ya watano. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya marudio, kulikuwa na kesi ya kuyasimamisha. Walifika Maraga na Lenaola peke yao. Usiku wa kuamkia siku hiyo dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Kesi haikusikilizwa na uchaguzi ukaendelea.

Jaji huondolewaje?

Kwa ombi mbele ya JSC chini ya Ibara ya 168, kwa sababu kama utovu mkubwa wa nidhamu, kutojiweza kikazi au kufilisika. JSC ikiridhika hupeleka ombi kwa Rais, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo la uchunguzi. Kutopenda hukumu si sababu.

Tanzania ni vivyo hivyo?

Kwa urais, hapana. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya tume kumtangaza. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa mbunge unaweza kupingwa Mahakama Kuu.

Nitapata wapi hukumu nzima?

Kwenye tovuti ya Kenya Law, bila malipo. Usianze ukurasa wa kwanza. Tafuta orodha ya masuala yaliyopangwa kuamuliwa, kwa mfano ya 2022 yalikuwa tisa, kisha usome jibu la kila moja. Kwa ile ya 2017 tafuta hukumu kamili ya 20 Septemba, kwani ya 1 Septemba ni uamuzi mfupi tu, na usiache kusoma sehemu za Ojwang na Ndung'u. Jaji Ndung'u alipitia fomu moja moja, na yeyote anayejiandaa kwa kesi ijayo atakuta humo maswali ambayo upande wa pili utamuuliza.